Kifua hakinisikii, Mwalimu

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 22, nipo Chake Chake. Nanyanyua vyuma miezi minane sasa, uani kwa rafiki yangu. Vyuma vyetu ni vya kujitengenezea, saruji ndani ya makopo ya rangi na bomba, tumevipima kwa mizani ya dukani. Mikono imejaa, mabega yamejaa, kifua kiko vile vile. Kwenye video wanasema lazima upeleke akili kwenye msuli ndipo ukue. Kaka anayetufundisha anasema hayo ni maneno ya watu wasiobeba mzigo, sukuma tu. Nikilala benchi na kusukuma chuma juu, mwisho wangu kilo 80, na mazoezi nafanyia kilo 70, mara tano au sita. Nani mkweli? Halafu mdogo wangu alianguka mkarafuuni, amefungwa plasta kwenye kifundo cha mkono. Nimesikia akiwaza mazoezi tu mkono hautanywea. Kuna ukweli hapo?

JIBU: Waalaykumu salaam, kijana wangu. Umeandika tarakimu mbili, 80 na 70, ukazipita haraka kana kwamba hazina neno. Mimi zimenishika. Zaidi ya nusu ya jibu la kifua chako limo humo, na nitazirudia. Lakini kwanza tumtazame hamali.

Kaa asubuhi moja bandarini, Mkoani huko kwenu au Malindi huku kwetu Unguja, wakati wa kushusha magunia. Usimtazame kijana, mtazame hamali mzee. Gunia linamkalia mgongoni, anapiga hatua fupi fupi, na usoni huoni kitu. Hakuna msuli anaouwaza. Macho yapo kwenye gari anakopeleka mzigo, basi. Kijana aliyeanza jana anabeba gunia lile lile huku meno yamebana, mabega yamepanda masikioni, vidole vimekamata kama anayezama. Safari ya kumi kijana kaishiwa. Mzee bado yumo, na anatania watu.

Miaka imemfunza yule mzee ubahili. Mwili wake unatoa nguvu kwa kiasi kinachotakiwa, kutoka kwenye msuli unaotakiwa, na hauzidishi hata senti. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha jaribio la watu waliokuwa wakijifunza kuyumba kwenye mashine inayoiga mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu yaliyo chini ya kile chombo walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao wenyewe. Tangu hapo matokeo ya namna hiyo yamejirudia katika kurusha, kuruka, na hata kunyanyua vitu vizito: mtu akiwaza chombo au shabaha, mwili unafanya kazi kwa gharama ndogo, akianza kuwaza kiungo chake, anajikwaa.

Kwa hiyo kaka yenu hakukosea. Anayetaka kuinua kilo nyingi asiuwaze msuli, akiwaze chuma. Ila wewe hukuniuliza namna ya kuinua kilo nyingi. Umeniuliza namna ya kupata kifua, na hapo ubahili wa hamali unageuka adui. Mjenga misuli ni mfujaji wa makusudi. Anataka msuli mmoja ufanye kazi kuliko haja, uchoke mpaka ulazimike kukua, hata kama kuna njia nyepesi zaidi ya kufikisha chuma juu. Kule kujikwaa kunakomharibia mrusha mkuki, kwako kuna faida yake ukikujulia.

Sasa hao wa video. Mwaka 2018 Brad Schoenfeld na wenzake, huko Marekani, walichapisha jaribio la vijana wa kiume 30 wasio wazoefu wa vyuma. Walifanya mazoezi wiki 8, siku tatu kwa wiki, seti nne (vipindi vya kuinua bila kupumzika) za mara 8 hadi 12. Kundi moja, kila wakiinua, waliambiwa wakamue msuli. Kundi la pili waliambiwa wafikishe chuma juu. Mwishoni nyama ya mbele ya mkono, hii mnayoiita baisepsi, ilikuwa imenenepa kwa asilimia 12.4 kwa waliokamua, na 6.9 kwa wenzao. Tofauti si ndogo. Video nyingi zinaishia hapo. Zinachoacha kusema ni kwamba mapaja nayo yalipimwa, na huko tofauti ya maana haikuonekana. Na kifua hakikupimwa kabisa! Nionavyo mimi, mkono ni kiungo tunachoishi nacho, tunaukunja mara elfu kwa siku na tunauona ukikunjika, kwa hiyo kuupelekea akili ni kazi nyepesi. Mapaja yapo tu, yanatubeba, hatuyasemeshi. Kifua kipo upande wa mapaja katika hesabu hii. Watu wengi wanaokuja kwangu hawawezi kukikaza kifua peke yake bila kupandisha mabega, hata wakiwa wamekaa kitini hawana chuma mkononi.

Neno la "ukiuwaza unakua" ulitupe. Kinachokuza nyama ni mzigo unaobebwa na nyuzi za msuli, zikavutwa na kuchoka, siku baada ya siku. Akili haiongezi nyama. Kazi yake ni kama ya mgawaji wa pilau shughulini: sufuria hawezi kuikuza, lakini yeye ndiye anayeamua sinia gani lijae na gani lipate kidogo. Ubongo unapeleka amri kupitia uti wa mgongo, amri inashuka kwenye neva, na kila uzi wa neva una kikosi chake cha nyuzi za msuli unaokiamsha. Mmarekani Elwood Henneman alionyesha katikati ya karne iliyopita kwamba vikosi vidogo huamka kwanza, na vikubwa huitwa mzigo ukizidi. Hukai ukachagua uzi mmoja mmoja. Lakini kwenye zoezi linalotumia misuli mitatu kwa pamoja, kama benchi, unaweza kuhamisha kiasi fulani cha kazi kutoka msuli huu kwenda ule.

Kiasi fulani, na kwa uzito fulani. Hapa ndipo nilipokuwa nikizisubiri tarakimu zako.

Mwaka 2016 Joaquín Calatayud na wenzake walichapisha kipimo cha wanaume 18 wazoefu wa vyuma, wamelala benchi kama wewe, wamebandikwa vidude vya kupima umeme wa misuli. Walisukuma uzito wa asilimia 20, 40, 50, 60 na 80 ya uwezo wao wa mwisho. Kwenye kila uzito walisukuma kawaida, halafu wakakiwaza kifua, halafu wakaiwaza nyama ya nyuma ya mkono. Mpaka asilimia 60, msuli uliowazwa ulifanya kazi zaidi. Kwenye asilimia 80, kuwaza hakukubadilisha kitu.

Haya, 70 katika 80 ni asilimia 87 na nusu. Umekifanyisha kazi kifua chako miezi minane kwa uzito ambao akili haipiti. Chuma kikiwa kizito hivyo mwili haukuulizi maoni. Unaita kila aliye karibu, na anayejibu haraka ndiye mwenye nguvu. Kwako wewe ni mabega na nyuma ya mkono. Ndiyo yanayobeba, ndiyo yanayokua, na kila yakikua yanazidi kujibu kabla ya kifua. Uani kwenu hakuna mchawi. (Umeme wa msuli si sawa na ukubwa wa msuli, nakubali. Kipimo kile kinaonyesha nani alifanya kazi siku ile. Hakituambii nani alinenepa mwakani. Ila kwa kesi kama yako, nimekiona kikiwa mwongozo mzuri.)

Asilimia 60 ya 80 ni kilo 48. Toa makopo. Najua itakavyouma, kupunguza kilo 22 mbele ya wenzako, tena na kaka amesimama pale. Mwambie mimi ndiye niliyesema. Na usidhani unapoteza: uzito mwepesi ukifanyiwa mpaka ubakiwe na mara moja au mbili kabla ya kushindwa hujenga nyama sawa na mzito, kwa sababu msuli ukichoka vikosi vikubwa navyo huitwa. Mzito unaushinda mwepesi kwenye nguvu, si kwenye unene.

Sasa nikueleze ninavyofanya na mtu mwenye kifua kisichosikia. Ningekuwa hapo Chake ningekuonyesha kwa dakika tano, kwa maandishi ni kazi kidogo, nifuate taratibu.

Kabla ya kulala benchi, simama, kutanisha viganja mbele ya kifua kama anayeponda kitunguu saumu katikati yake, viwiko usawa wa mbavu za juu. Sukuma kiganja kwa kiganja. Mwenzako aweke vidole viwili juu ya kifua chako, karibu na kwapa. Akuambie ukweli: kimekaza au hakijakaza? Kama mabega yamepanda, shusha, anza tena. Shikilia hesabu ya kumi, pumzika, rudia mara tatu. Hilo ni darasa tu, ubongo unajifunza njia ya kwenda nyumba ambayo haijawahi kuitembelea.

Halafu lala na bomba tupu, bila kopo hata moja. Mifupa miwili ya nyuma ya mabega ibane kama unataka kushika karatasi katikati yake, na isiachie mpaka mwisho wa seti. Mtu akiiachia tu, mabega husogea mbele na kuipokonya kazi. Viwiko visitanuke kabisa usawa wa mabega, wala visibanwe mbavuni; viwe katikati. Teremsha kwa hesabu ya tatu mpaka bomba liguse kifua, usikie nyama inavutika pale kwapani. Wakati wa kupanda, usiwaze kusukuma bomba. Kifua kinashika mfupa wa juu wa mkono na kazi yake ni kuuleta mbele ya mwili, kwa hiyo waza unakutanisha viwiko juu yako. Havitakutana, bomba linavizuia, lakini waza hivyo. Wengi ninaowaambia maneno haya hunyamaza, halafu husema "Aa!" na kujishika kifua. Ile "Aa" ndiyo tunayoitafuta. Ukiipata na bomba tupu, weka makopo kidogo kidogo mpaka 45 au 48, na kila unapoongeza ujiulize kama bado ipo. Ikipotea, rudi kopo moja nyuma.

Pushapu nazo zina hila hiyo hiyo. Mikono ikiwa chini, jaribu kuvuta viganja vikaribiane bila vyenyewe kusogea, kama unataka kukunja mkeka uliopo kati yake. Ni pushapu ile ile, ila kifua kinashituka.

Siku za kifua ziwe mbili kwa wiki. Usiutupe uzito wote, maana nguvu nazo unazitaka. Anza na seti mbili nzito kwenye 65, hapo fuata maneno ya kaka: akili juu ya chuma, kipeleke kwenye dari (au kwenye majani ya mwembe, kama uani hamna dari). Kisha shusha uzito, fanya seti tatu za mara 10 hadi 15 ukikiwaza kifua, pumziko la dakika mbili kati yake.

Jambo moja sitaki ulijaribu. Nilipokuwa na umri kama wako nilisoma maneno haya haya ya kuwaza msuli, nikayachukua kwenye kilo 90. Nikafumba macho ili nikisikie kifua vizuri. Chuma kilikwenda upande wa kushoto, na rafiki aliyepaswa kusimama kichwani alikuwa kaenda kununua maji. Bega liliniuma miezi minne, na mpaka leo upepo wa kusi ukianza linanikumbusha. Kuwaza msuli ni kwa uzito unaoweza kuurudisha mahali pake hata ukikosea. Kwenye mzito macho wazi, na mtu asimame kichwani, hasa kwa makopo ya saruji, ambayo nayajua: hakuna kopo linalolingana na mwenzake.

Hukuniuliza kuhusu simu, lakini nina hakika iko pale kwenye benchi. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake walichapisha jaribio ambalo watu walifanyishwa kazi ya kuchosha akili kwa dakika 90 kabla ya kukanyaga baskeli ya mazoezi. Walisalimu amri mapema kuliko siku waliyotazama filamu ya utulivu, ilhali moyo na mapafu yao hayakuwa na hitilafu. Walichosema ni kwamba kazi ilikuwa nzito zaidi. Ile ilikuwa kazi ya kuhimili, si benchi, kwa hiyo siivuti mbali. Ila kuhudhuria msuli ni kazi ya akili, na akili iliyotoka kubishana kwenye kundi la WhatsApp haiji benchi ikiwa mbichi. Sisi huku jambo hili tunalijua vizuri kwa jina jengine. Silinganishi ibada na makopo ya saruji, Mungu anisamehe, lakini kila mtu anajua tofauti ya kusimama kwenye sala na khushuu, na kusimama huku moyo umebaki dukani. Viungo vinafanya yale yale.

Chakula nitapita haraka. Mwenye kilo 65 anahitaji kama gramu 100 za protini kwa siku, yaani gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Samaki, dagaa, mayai, choroko, maharage, maziwa, Pemba hamkosi. Muhogo na chai havitoshi, hata ukikiwaza kifua usiku kucha. Na usiku wenyewe ulale.

Unene wa kifua upime kwa utepe wa fundi cherehani, asubuhi, kabla ya mazoezi, usawa wa chuchu, pumzi imetoka. Andika. Usipime tena mpaka wiki ya nane. Anayejipima kila siku hupima hewa.

Nije kwa mdogo wako, na hapa nakupa habari ambayo huenda ukashangaa. Mwaka 1992 Guang Yue na Kelly Cole walichapisha jaribio la kidole kidogo cha mkono. Kundi moja lilikaza kidole kweli, jengine lilikaa likiwaza tu linakikaza, siku tano kwa wiki, wiki nne. Waliokaza waliongezeka nguvu asilimia 30. Waliowaza tu, asilimia 22. Nguvu, si nyama: ubongo ulijifunza kuamrisha kwa sauti kubwa zaidi. Kisha mwaka 2014 Brian Clark na wenzake wakafunga plasta kifundo cha mkono cha watu wazima wazima, wiki nne. Waliokaa tu walipoteza karibu asilimia 45 ya nguvu. Waliokuwa wakiwaza kukaza mkono walipoteza kama asilimia 24.

Kwa hiyo ulichosikia kina mzizi, ila kimepindishwa. Mkono utanywea kidogo, hilo halizuiliki, plasta ni plasta. Nguvu ndiyo inayoweza kuokolewa. Siku tano kwa wiki akae mahali pa utulivu, afumbe macho (huyu ruhusa), awaze anakunja kiganja kwa nguvu zote hesabu ya tano, halafu aachie hesabu ya tano, mara kumi au kumi na tano, apumzike, arudie. Awaze kutoka ndani, kama anayefanya yeye, si kama anayejitazama kwenye video. Mkono wenyewe usikazwe. Wale wa jaribio hawakuwa wamevunjika. Yeye ana mfupa unaounga, na ukikazwa kabla ya wakati unaweza kusogea. Vidole, ikiwa daktari wake amemruhusu, avichezeshe mara nyingi kwa siku. Vikifa ganzi, vikivimba au kubadilika rangi, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, arudi hospitali siku hiyo hiyo, asingoje miadi.

Plasta ikitoka atakuta mkono mwembamba, ngozi imekauka, na atataka kuja uani kwenu kurudisha heshima. Mzuie. Aende kwanza kwa tabibu wa viungo, na nyumbani aanze kwa kukamua kitambaa kwenye beseni la maji vuguvugu, asubuhi na jioni. Makopo yenu yatamngoja.